Umbali Kwanza, Lenzi Baadaye

Mpwa wangu Rehema,

Umeniuliza juu ya hiyo Nikon D5600 yako: umechoka na lenzi ya zumu iliyokuja nayo, unataka lenzi moja isiyovuta, praimu kama mnavyoiita, ya kupigia watu mitaani na picha za nyuso. Unasitasita kati ya milimita 50, ambayo kila mtu anakusifia, na 85, ambayo wauza duka wanaiita lenzi ya nyuso. Mimi ningekuambia uziache zote mbili kwa sasa ukanunue 35, ile ndogo ya f/1.8 yenye alama ya DX, yaani ya sensa ndogo kama yako. Jibu bila sababu ni amri, na wewe hujawahi kuwa mtu wa kuamrishwa, kwa hiyo nivumilie nikupe sababu.

Anzia kwenye jambo ambalo dukani hawalisemi. Lenzi haina uwezo wa kurefusha pua ya mtu wala kuifupisha. Umbo la uso kwenye picha huamuliwa na umbali uliopo kati ya kamera na uso huo. Lenzi huamua tu kiasi gani cha kilicho mbele yako kitaingia. Chukua mtu ambaye masikio yake yako sentimita 12 hivi nyuma ya ncha ya pua. Ukisimama sentimita 60 kutoka puani, pua itachorwa kubwa kwa asilimia 20 ukiilinganisha na masikio. Ukirudi nyuma hadi mita 1.3, tofauti hiyo hushuka mpaka asilimia 9 hivi, na mtazamaji haioni tena. Ndiyo maana picha za kujipiga kwa simu huwafanya watu wazuri waonekane wametanguliwa na pua zao. Simu inasingiziwa bure, kosa ni la ufupi wa mkono. Kwa hiyo kabla ya kuuliza milimita ngapi, jiulize utakuwa umesimama wapi.

Sasa zigeuze milimita ziwe hatua. Sensa ya kamera yako ina upana wa milimita 23.5, wakati ya fulu fremu, yaani yenye ukubwa wa fremu ya filamu, ina 36, kwa hiyo kila namba ya lenzi unaizidisha kwa 1.5 upate kujua itaona kama nini. Kwako wewe 35 inaona kama 52, 50 inaona kama 75, na 85 inaona kama 127. Hapa ndipo sifa nyingi za 50 zinapopotea njia: zilitolewa na watu wa filamu na wa fulu fremu, nanyi wenye sensa ndogo mkazirithi bila kuzikagua. Kamera ikiwa wima, kupata kichwa na mabega, tuseme sentimita 60 za mwili, 35 itakusimamisha sentimita 90 hivi kutoka kwa mtu, 50 mita 1.3, na 85 mita 2.2. Kumpata mtu mzima kuanzia kisigino hadi kilemba, na nafasi kidogo juu na chini, 35 inataka mita 3, 50 mita 4 na robo, 85 mita 7 na ushee. Wewe umeandika kwamba unataka kuwapiga watu mahali wanapoishi na wanapofanyia kazi. Zipeleke basi mita hizo kwenye nyumba za kale za Lamu. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti ina kikomo chake. Upana wa chumba ni mita 3 hivi, mara nyingi pungufu. Fundi wa karne ya 18 alishakuchagulia lenzi. Ukiegemea ukuta mmoja na mwenyeji ameketi kwenye ukuta wa pili, 35 itamchukua yeye, kiti chake na zidaka za ukutani zilizo nyuma yake. 50 itakupa mtu bila nyumba, na 85 itakupa uso na mabega tu, hata kama hicho sicho ulichokitaka.

Hapa utanibana: kama 35 inakuleta sentimita 90 kwa picha ya kichwa na mabega, pua si itakuwa imeshaanza kutangulia? Ni kweli, kwa umbali huo ni asilimia 13, na kwenye baadhi ya nyuso inaonekana. Dawa yake ni kutosogea mpaka hapo. Simama mita 1.3, uchukue kuanzia kiunoni, mikono iingie (mikono ya mtu wa kazi ina habari nyingi kuliko mashavu yake), na ukitaka kichwa na mabega peke yake utapunguza kingo baadaye kwenye kompyuta. Sensa yako ina megapikseli 24. Ukiikata picha ya 35 mpaka ione kama ya 50, unabaki na karibu nusu, megapikseli 12 hivi, wakati karatasi ya A4 iliyochapishwa vizuri inahitaji kama 9. Kingo za picha ya 35 unaweza kuzikata. Kingo ambazo 50 haikuziona hakuna programu itakayokurudishia kwa haki. Ungekuwa unapiga nyuso peke yake, bibi harusi baada ya bibi harusi, ukumbi ukiwa mpana, ningekubaliana nawe juu ya 50 bila ubishi. Kazi uliyonieleza siyo hiyo.

Najua pia kinachokuvuta kwenye 85: ule usuli wenye ukungu, taa zikigeuka duara laini nyuma ya kichwa cha mtu. Wengi huamini lenzi ndefu hupunguza kina cha ukali, yaani lile eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ya unapolenga. Piga hesabu. Mtu akijaza fremu kwa ukubwa uleule, na tundu likiwa f/1.8 kwenye lenzi zote, kina hicho kwenye kamera yako ni sentimita 5 kasoro, ukiwa na 35, 50 au 85. Kinachobadilika ni kwamba lenzi ndefu hukuza kipande kidogo cha usuli, ukungu wake nao ukakuzwa. Kwa 35 utapata sehemu kubwa ya athari hiyo kwa kumwambia mtu ajitenge na ukuta hatua tano. Ila nami nakuuliza: kwa nini tuone haya kuonyesha alipo mtu? Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake 1948, aliwapiga wateja uani kwa mwanga wa jua, na vitambaa vya maua alivyovitundika nyuma yao vinasomeka ua kwa ua, vikishindana na nguo walizovaa. Picha zile zinahesabiwa leo miongoni mwa kazi kubwa za bara hili, na hakuna anayelalamika kwamba usuli haukufichwa.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya mtaani. Watasema lenzi ndefu inakuruhusu usimame ng'ambo ya barabara, watu wasikuone, wabaki na hali zao za kawaida. Upande wa ufundi, hesabu inaipinga. Ukiweka f/8 na kulenga mita 3, 35 kwenye kamera yako inakupa ukali kuanzia mita 2.2 hivi hadi karibu mita 5, kwa hiyo mtu akipita katikati unabonyeza bila kungoja fokasi. Kwa 50 eneo hilo linabana kuwa mita 2.5 hadi 3.7. Lakini uzito hasa uko kwenye adabu. Mita 2 au 3 ni umbali wa kutoa shikamoo bila kupaza sauti. Mama ntilie anakuona, anaiona kamera, na anaweza kusema hapana. Kutoka ng'ambo ya barabara umemnyima hiyo hapana. Watu wetu wanajua tofauti ya mgeni na mdukuzi, na pwani, ambako mwanamke aliyejifunika hakujifunika kwa ajili ya kamera yako, tofauti hiyo haina mjadala. Sheria nazo zimeanza kufuata: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Wanaosema ruhusa huua uhalisia hawajakaa kwa mama ntilie vya kutosha. Foleni ya chakula cha mchana haingoji mpiga picha. Ukishasalimia na kutulia, yule mama atarudi kwenye sufuria zake, na hapo ndipo picha inapoanza. Wakubwa wa mitaani nao hawakwenda mbali: Henri Cartier-Bresson alitumia 50 kwenye Leica sehemu kubwa ya maisha yake, ambayo ni kama 35 yako, na Garry Winogrand wa Marekani alisogea zaidi kwa 28. Huyo wa pili usimwige bado, kwani 28 inataka uso mkavu ambao sidhani kama unao, na sikutakii.

Kuhusu kubaki na zumu yako ya 18-55, sina ugomvi nayo mchana. Baada ya magharibi, kwenye taa ya kibanda cha chipsi, ikiwa milimita 35 tundu lake hufunguka mpaka f/4.5 hivi. Praimu ya f/1.8 huingiza mwanga mara sita ya huo, na kasi ya sehemu moja ya 30 ya sekunde, inayomtikisa kila anayesogea, inakuwa karibu moja ya 200. Hata hivyo usiitupe, itumie kujipima kabla hujatoa hela: iweke kwenye 35, funga ile pete kwa selotepu, utoke nayo hivyo kwa majuma kadhaa. Takwimu za milimita ulizotumia kwenye picha zako za zamani usizitegemee sana. Zitakuonyesha rundo kwenye 18 na rundo kwenye 55 kwa sababu tu pete hugota hapo.

Ukienda kununua, angalia herufi AF-S kwenye lenzi. Mwili wa D5600 hauna mota ya fokasi, na kuna lenzi za zamani za AF na AF-D zinazouzwa kwa bei ya kutamanisha ambazo kwako zitabidi zizungushwe kwa mkono. Ipo pia 35 ya f/1.8 ya fulu fremu, nzito na ghali zaidi, ambayo huihitaji. Ya DX ina uzito wa gramu 200 tu. Ikiwa ni ya mtumba, mulika tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya vioo ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu ni ugonjwa wa kawaida. Lenzi ya hivyo irudishe mezani hata wakikupunguzia nusu ya bei. Nitumie ujumbe wa bei watakayokutajia kabla hujalipa, nikuongezee kitakachopungua. Msalimie mama yako, mwambie dawa zake nimezipata.

Mjomba wako