Mizizi Isiyojua Udongo

Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon hadi Cheongju, katikati ya Korea Kusini, nilikwenda kwa basi. Ya njiani sina mengi, ila mashamba ya ginsengi yaliyoezekwa vitambaa vyeusi. Mmea huu wa mizizi ya dawa hautaki jua kali. Hukaa chini ya kivuli hicho miaka minne hadi sita ndipo ung'olewe, na shamba likishautoa huchoka, hulipandi tena ginsengi kwa miaka mingi. Mwenyeji wangu, dada wa Kitanzania anayesomea uzamivu huko, aliniambia, "Subiri kesho, kaka. Nitakuonyesha inayovunwa kabla ya miezi miwili."

Kesho yake nilivua viatu mlangoni pa maabara, nikavishwa koti na kofia, nikanawishwa spiriti hadi kwenye viwiko. Ndani kulikuwa na mitungi mikubwa ya kioo, tumbo pana na shingo nyembamba, iliyojaa mizizi myeupe inayoelea. Shina hamna, jani hamna. Hukatwa kipande cha ginsengi, huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huwekwa juu ya chakula chenye sukari, chumvi na homoni. Vijizizi vikichomoza hukatwa na kutiwa kwenye maji yenye chakula hichohicho, navyo huendelea kukua gizani, kwa kuwa sukari imechukua kazi ya majani. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1934 Mmarekani Philip White alionyesha kwamba ncha ya mzizi wa nyanya inaweza kukua ndani ya chupa bila kikomo, mradi uikate na kuihamisha kila mara.

Kinachowasumbua wataalamu ni pumzi. Lita moja ya maji kwenye nyuzi joto 25 hushika takriban miligramu 8 tu za oksijeni. Lita ya hewa ina zaidi ya mara thelathini ya hizo. Wanaokuza bakteria hukoroga tangi kwa pangaboi, mambo yakaisha. Ukikoroga mizizi hivyo unaikatakata. Dada alinionyesha mtungi wenye pangaboi juu ya kabati, umejaa vumbi. "Huu tunawaonyesha wageni tu," alisema.

Mitungi yenye tumbo haina pangaboi. Hewa iliyochujwa huingia kwa chini, viputo hupanda na kuyazungusha maji taratibu. Kwa njia hii Profesa Kee-Yoeup Paek wa Chuo Kikuu cha Chungbuk na wenzake walianza na mitungi ya lita chache, na hatimaye ginsengi ikakuzwa kwenye matangi ya lita 10,000. Lakini mizizi ikiongezeka husokotana kama katani, na viputo, kwa uvivu wao, hupita pembeni. Katikati ya fundo hilo mizizi hukosa hewa ikageuka kahawia.

Ndiyo maana wengine waliamua kuyaondoa maji. Wafaransa wa kituo cha utafiti wa kilimo cha CIRAD walibuni chombo ambacho hewa husukuma maji juu yakailowesha mimea kwa dakika chache, kisha yakashuka. Huko Worcester, Marekani, Pamela Weathers aliining'iniza mizizi ya artemisia, mmea wa dawa ya malaria, ndani ya ukungu wa chakula. Hapo hewa ni tele. Taabu ni ukungu kupenya hadi ndani ya kichaka. Mimi ukungu ndio ulionivutia zaidi, ingawa dada alinicheka: kiwandani, alisema, matangi ya viputo ndiyo rahisi kuyafanya makubwa.

Nikauliza: umeme ukikatika?

"Mswahili wewe!" alisema, akanipeleka nyuma kuona jenereta. Viputo vikisimama, mizizi humaliza oksijeni ya majini upesi.

Tulimalizia Geumsan, mji wa soko la ginsengi. Mama mmoja alikuwa amepanga mizizi ya miaka sita, yenye miguu na mikono kama mtu, kila mmoja ukilazwa peke yake. Nilitaka kujua kama anaihofia ile ya matangi. Dada akatafsiri, mama akacheka, akajibu huku akiendelea kupanga: hiyo ni nyuzi, isagwe iwe unga au itiwe kwenye vipodozi, wala haimnyimi usingizi. Wateja wake hununua zawadi ya kuwapelekea wakwe. Kisha akataja bei, na dada akaanza kuvutana naye.