Fedha Kinywani mwa Samaki

Sisi watu wa Mlola ni watu wa maharage, viazi na kabichi. Samaki tunayemjua sana ni dagaa wa sokoni. Kwa hiyo kijana mmoja wa usharika wetu aliporudi kutoka bonde la Kilombero na kueleza kazi aliyoipata huko, watu walimshangaa.

Anawaongoza wageni wanaovua kwa burudani katika mito ya Mnyera na Ruhudji, ambayo maji yake huingia Kilombero na hatimaye Rufiji. Yeye hushika upondo na kuisogeza boti mahali samaki walipo. Mgeni hurusha mshipi wenye ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na samaki mdogo. Anayetafutwa ni samaki wa meno makali, ambaye wageni humwita chui milia. Karibu na ndoano huwekwa kipande cha waya, maana meno yale hukata uzi. Akinaswa hupigwa picha, hutolewa ndoano, hushikwa majini akielekezwa kwenye mkondo mpaka apate nguvu, kisha huachiwa.

“Huachiwa?” aliuliza mama mmoja mjane. “Baba Mchungaji, samaki ni chakula. Anayemvua asimle anachezea kiumbe cha Mungu.” Baadhi ya wazee wa kanisa walimuunga mkono. Neno lile lilikuwa zito, kwa sababu kijana alikuwa ameleta fungu la kumi la mapato ya msimu mzima, na bahasha ilikuwa mezani. Tuipokee au tumrudishie?

Mama yule alikuwa na hoja. Bwana mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa (Yohana 21). Lakini katika Mwanzo 1:22 samaki na ndege wanabarikiwa siku ya tano, kabla mwanadamu hajaumbwa. Baraka ya kwanza katika Biblia haikuwa yetu. Samaki alikuwa na thamani mbele za Mungu kabla hajaingia kwenye sufuria ya mtu yeyote.

Tena iko Mathayo 17. Petro alizoea nyavu, lakini hapo Yesu anamtuma na ndoano. Samaki wa kwanza anakuwa na fedha kinywani, na fedha ile inalipa kodi ya hekalu kwa ajili ya Bwana na kwa ajili ya Petro. Kama samaki yule aliliwa au alirudi ziwani, Mathayo hasemi.

Niliwaambia wazee kwamba bahasha ile ni jasho la mtu anayesukuma boti juani kutwa nzima. Tukaipokea, tukaiombea.

Hata hivyo sikumwambia mama kwamba amekosea. Samaki aliyenaswa hupata taabu, na Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Mgeni anayemwacha samaki apwitepwite ndani ya boti ili apate picha nzuri, anaweza kuwa amemuua hata kama amemrudisha mtoni. Na anayevua kwa chandarua, akazoa hata vifaranga, anakula chakula cha wajukuu wake. Wote wawili wamesahau ile siku ya tano.

Nilimwuliza kijana yeye anasimama wapi. Akajibu: “Mchungaji, fimbo ni ya mgeni. Lakini mara nyingi mkono unaomrudisha samaki majini ni wangu. Nikimwambia mgeni picha imetosha, husikia.”

Mpendwa msomaji, wengi wetu hatumiliki fimbo. Tunafanya kazi za watu wengine, kwa masharti yao. Lakini kila kazi ina mahali fulani ambapo kiumbe cha Mungu kinapita mikononi mwetu, na hapo ndipo tutakapoulizwa.

Mama yule bado anasema samaki ni chakula. Kijana aliporudi Kilombero, yeye ndiye aliyemfungia maharage ya safari.