Kabla Hujafuta, Fungua Uangalie

Mwaka 2021 kompyuta yetu ya nyumbani Handeni ilikuwa na mifumo miwili, Windows 7 na Windows 10. Kila ukiiwasha ilikuuliza uingie upi. Ule wa zamani ulikuwa umekoma kupata marekebisho ya usalama tangu Januari 14, 2020, na bado ulichukua nusu ya nafasi. Mume wangu akasema, "Mama watoto, ipeleke Korogwe wakaufute."

Fundi akaniuliza, "Mama, humo hamna kitu chako?"

"Hamna, mwanangu, futa tu."

"Hebu tufungue kwanza."

Tukakuta picha za marehemu mama yangu akipukuchua mahindi, kifungua mimba wangu akiwa mgongoni kwake. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nililia pale pale.

Alizihamishia kwenye flashi, akahakikisha kwamba zinafunguka. Kisha akahamishia upande mpya mafaili ya kuwashia, kwani yakifutwa pamoja na mfumo wa zamani, kompyuta haiwaki. Ndipo akafuta.

Akina mama wenzangu, tusiwe wepesi wa kusema "hamna kitu". Kwanza tufungue, tuangalie.