Wembe Mmoja, Nyembe Tano

Mashine ya kunyolea ndevu aliyoniachia marehemu baba ina vipande vitatu tu: mpini, kitako chenye meno pembeni, na kifuniko kilichobinuka kama gamba la kobe. Wembe unalala kati ya kitako na kifuniko. Ukiukaza mpini, wembe unapinda kidogo, na kupinda huko ndiko kunakoupa ugumu. Ungebaki umenyooka, ungetetemeka kila unapogusa unywele. Muundo huo ni uleule aliopatiwa hataza King Camp Gillette kule Marekani mwaka 1904. Ugumu wa kazi yake haukuwa kwenye mashine, ulikuwa kwenye wembe. Walikuwepo mabingwa wa chuma waliomwambia kwamba bati jembamba na la bei nafuu namna ile haliwezi kugumishwa na kunolewa likafaa, mpaka William Nickerson, mhandisi, alipobuni mitambo ya kuifanya kazi hiyo.

Katika umri wangu nimeona wanaume wakitolewa kwenye wembe mmoja, wakapelekwa kwenye nyembe mbili, kisha tatu, mpaka tano zilizopangwa kichwa kimoja. Kwa kuwa ndevu zangu ni za kujisokota, historia hiyo nimeisoma shingoni mwangu.

Nilipokuwa mtoto Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa ziliadimika. Sabuni ilipangiwa foleni, na wembe nao ulitunzwa. Baba alikuwa akiuweka ndani ya bilauri yenye tone la maji, anaukandamiza kwa kidole kwenye ukuta wa kioo, anausugua kwenda na kurudi, upande mmoja kisha wa pili. Akimaliza kunyoa anaukausha kwa kitambaa na kuupaka mafuta ya nazi, maana hewa ya bahari haina huruma na chuma. Ukishindwa na ndevu ulihamia kwa mama, akawa anafumulia mishono. Ukishindwa na nyuzi ulivunjwa katikati, tukapewa sisi tukachongee penseli. Siwezi kusema ilikuwa dhiki tu. Palikuwa na ujuzi ndani yake, na mtu aliyeujua wembe wake kwa namna ile alijua pia lini uso unamdai wembe mpya.

Baadaye ulikuja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kadiri habari zilivyoenea, wembe ukabadilika maana. Kwa kinyozi mteja alikwenda na wembe wake ukiwa bado ndani ya karatasi, unafunguliwa mbele ya macho yake. Nyumbani baba akatuambia mimi na kaka yangu, “Mashine tutatumia hii moja na mtaichemsha. Wembe kila mtu na wake.” Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote ninayoyasimulia hapa, na lilipita kimyakimya.

Biashara ilipofunguliwa, madukani zikajaa mashine za plastiki za kunyoa na kutupa. Nyingi zilikuwa na nyembe mbili zilizopandana. Wazo hilo lilikuwa limeshaingia sokoni Marekani mwaka 1971, Gillette walipotoa Trac II. Kanuni yake ni hii: wembe wa kwanza unaukamata unywele, unauvuta nje kidogo huku ukiukata, na kabla unywele haujarudi ndani ya ngozi, wembe wa pili unafika na kuukata tena, chini zaidi. Mach3 ikaja na nyembe tatu mwaka 1998, Quattro ya Schick ikaja na nne mwaka 2003, Fusion ikafuata na tano mwaka 2006. Kila mara ahadi ilikuwa uso laini zaidi.

Na uso ulikuwa laini kweli, kwa siku moja. Siku ya pili shingo inawasha. Siku ya tatu vipele vimesimama, vingine vina usaha, na chini ya kola ya shati kila kimoja kinasuguliwa mpaka jioni. Nilibadilisha sabuni, nikapaka spiriti, nikapaka shabu. Shabu ilinipoza, lakini vipele havikuacha kurudi. Aliyenifafanulia alikuwa daktari mmoja wa ngozi aliyesomea KCMC, Moshi. Alichora unywele ulionyooka na unywele wa kujisokota kwenye karatasi ya dawa. Unywele ulionyooka ukikatwa chini ya ngozi hukua ukatokea palepale ulipoingilia. Wa kwetu, ukiwa na ncha kali na umekatwa ndani, hukua ukigeukia pembeni na kuchoma ngozi kutoka ndani, au hutoka nje, ukajipinda na kuingia tena. Mwili unaushambulia kama mwiba. Akaniambia, “Kaka, kinachosifiwa kwenye tangazo ndicho kinachokuumiza. Rudi kwenye wembe mmoja, na usiivute ngozi unaponyoa.”

Ndipo nilipoifungua tena mashine ya baba. Ningeweza kuweka wembe na kuendelea na maisha, lakini udadisi ulinishika. Nilitaka kujua: ikiwa nyembe mbili ndizo tatizo, je, nikiweka mbili ndani ya mashine hii ya zamani itakuwaje? Nikazipanga mbili mpya, moja juu ya nyingine, nikakaza.

Jambo la kwanza nililisikia mkononi. Mpini ulikataa kufika mwisho, kwa sababu nyembe mbili zinapinda kwa shida kuliko mmoja. La pili nililisikia shavuni: hazikunyoa kwa karibu zaidi. Zilinyoa kwa ukali zaidi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Unene wa wembe ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo makali mawili yaliyolaliana yanafika kwenye unywele karibu kwa wakati mmoja. Ule mchezo wa kuvuta na kukata hauwezi kutokea, maana unahitaji nafasi baina ya wembe na wembe. Kilichobadilika ni umbo la kichwa: makali ya wembe wa juu yamenyanyuka, na yanakabili ngozi bila kinga aliyoikusudia mtengenezaji. Halafu povu na vinyweleo vilivyokatwa viliganda katikati ya nyembe, hata ukisuuza chini ya bomba havitoki.

Jaribio lililonifundisha zaidi lilikuwa la wembe mkuukuu. Niliukata makali yote mawili kwa mkasi wa bati, ukabaki utepe wa katikati wenye matundu yake, nikautandika chini ya wembe mpya. Hapo wembe unaokata ni mmoja tu, ila umeinuliwa, na pengo kati yake na meno ya kitako limepanuka. Mashine ileile ya upole ikawa na njaa. Ndevu za juma zima, ambazo kwa kawaida huziba meno, zilipita bila kukwama. Nikaelewa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia habari za idadi ya nyembe, na hakuna aliyenitajia pengo, mwinuko wa makali na mbinuko wa kifuniko, ambavyo ndivyo vinavyoamua kunyoa kutakuwaje.

Kutoka hapo nikaanza kupima nyembe zenyewe, aina baada ya aina, sabuni na mashine zikibaki zilezile. Mpwa wangu aliyeko Muscat alinitumia Treet za Pakistani na Derby za Uturuki. Topaz za India nilizipata Kariakoo. Feather za Japani, zinazojulikana kwa ukali, zilikuja kwa mkono wa rafiki. Kwa macho zote ni kitu kimoja. Usoni zinaachana mbali, kwa sababu ya chuma, pembe ya kunolewa, na tabaka jembamba linalopakwa kwenye makali, liwe la platinamu, kromiamu au aina ya plastiki inayoteleza. Nilijifunza kutouhukumu wembe siku ya kwanza. Siku ya pili na ya tatu ndizo zinazosema, wakati tabaka limeanza kuchakaa. Ipo sababu ya kisayansi pia: mwaka 2020 watafiti wa MIT, akiwemo Gianluca Roscioli aliyekuwa akinyoa ndevu zake mwenyewe na kuutazama wembe kwa hadubini, walionyesha kuwa unywele, ulio laini kuliko chuma mara 50 hivi, unaweza kuyamegua makali pale unapoyakuta kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma hakiko sawasawa. Wembe hauishi makali kwa kusagika tu, unamegeka. Baada ya kusoma hayo niliacha kabisa kuung'ang'ania wembe mpaka mwisho wa uhai wake.

Sasa shingoni napitisha wembe mmoja, mara moja, kuelekea ndevu zinakolala, bila kukandamiza, na ninaridhika zikibaki nukta ndogo zinazosikika kwa kidole. Mashavuni, ambako nywele zangu zimenyooka kidogo, narudia mara ya pili. Vipele vilipungua polepole kwa miezi, kisha vikaisha, yakabaki madoa meusi ambayo nayo yanafifia. Kijana wangu ameanza kuota ndevu na amenunuliwa na rafiki zake mashine ya nyembe tano. Nimemwonyesha mchoro wa daktari, nikampa ya babu yake aijaribu upande mmoja wa uso, na ile yake upande wa pili, wiki mbili mfululizo. Upande wa kulia ni wa babu. Ule utepe wa chuma uko kwenye kopo moja na nyembe. Tunautandika mmoja wetu akiwa amekaa siku nyingi bila kunyoa, kisha tunautoa.