Kutafuta Jeti ya Pikapu: Safari ya Koboko Hadi Arua

 Mwezi huu mwalimu wenu haji na habari za mitihani. Nawaletea safari ya kwenda Arua kutafuta kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho nusura kituuzishe gari.

Pikapu ya kikundi chetu cha akiba mnaijua, ile Peugeot 504 ya zamani. Mchana inapeleka mihogo na magunia ya simsim soko la Koboko. Usiku, ikilazimika, inapeleka mgonjwa hospitali. Tangu mwezi wa pili ikaanza kunywa petroli kama mlevi: moshi mweusi, harufu kali, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Usiku mmoja tuliisukuma huku mama mwenye uchungu amelala nyuma kwenye godoro. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu, lakini katika mkutano uliofuata wanachama wengi walisema basi, iuzwe chuma chakavu. Dereva wetu akaomba wiki mbili tu. Mimi nikaambiwa nimsindikize, eti mwalimu anajua namba.

Kutoka Koboko mpaka Arua ni kilomita 50 na kitu. Waliofika hapa mwanzo, mwaka 2013, wanakumbuka vumbi la njia hii. Leo ni lami tupu, toka Oraba mpakani na Sudan Kusini, kupitia Koboko na Arua, hadi Vurra mpakani na Kongo. Mlima Liru unabaki nyuma yako, halafu unaingia Maracha, nchi ya tumbaku kwa miaka mingi, yenye miembe mikubwa ambayo chini yake watu wanauza mihogo na kuku. Safari nzuri, ila sisi tulikuwa tunatazama nyuma zaidi kuliko mbele, kuona kama moshi umepungua. Haukupungua. Watu wa boda walitupita wakiziba pua.

Acha nieleze jeti ni nini, maana wengi waliniuliza. Ndani ya kabureta petroli haimwagiki tu ovyo. Inapita kwenye skrubu ndogo ya shaba iliyotobolewa katikati. Tundu hilo ndilo linapima petroli ya kuchanganyika na hewa, kwa uzito sehemu moja ya petroli kwa karibu sehemu 15 za hewa. Sisi wa Kongo tunaiita jigileri, kwa Kifaransa. Hapa Uganda ni jeti. Juu yake kuna namba, na kwenye kabureta za Solex kama yetu namba hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. 135 maana yake milimita 1.35.

Arua, jiji tangu 2020, ina maduka ya spea mengi kuliko nilivyodhani. Tulizunguka toka asubuhi. Kila duka lina jeti za pikipiki, zimepangwa kwenye vikopo kama shanga, lakini za Peugeot hakuna. Kijana mmoja alitaka kutuuzia ya boda kwa sababu namba inafanana. Tulikataa, na tulifanya vizuri, maana kuna viwanda ambavyo namba yao si upana wa tundu, ni kiasi cha mafuta yanayopita kwa dakika. Namba moja, maana mbili. Tena nyuzi za skrubu hazilingani. Mwingine akasema atatuzibia tundu kwa lehemu kisha atoboe upya kwa msumari. Kuziba na kutoboa upya ni kazi inayofanyika kweli, mafundi wazuri wanaifanya, lakini kwa biti nyembamba iliyopimwa. Si kwa msumari!

Saa nane hivi tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana chini ya mwembe. Dereva alimsalimu Kilugbara, mi ngoni, mzee akajibu, kisha akatusikiliza tukiongea wenyewe Kiswahili. Akacheka. "Leteni hiyo jigileri niione."

Mimi nikashangaa, Mganda anasema jigileri? Akatueleza kwamba ufundi aliusomea Kongo, wakati ule inaitwa Zaire, alipokuwa mkimbizi. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa sababu ya vita, wakakaa huko miaka. Yeye alipokelewa upande wa Aru na fundi aliyemfundisha bila malipo, na maneno ya kazi alirudi nayo hivyo hivyo kwa Kifaransa. Wazee wetu huwa wanasema haya ya watu wa West Nile kukimbilia kwetu, lakini kuyasikia kwa mtu anayeshika spana mbele yako ni jambo lingine.

Mzee hakugusa jeti kwanza. Alianza na chujio la hewa, akalipiga kwenye gurudumu, vumbi likatoka kama unga. Akatazama boya la ndani ya kabureta lisiwe limetoboka, maana likijaa petroli linazama na mafuta yanapanda mno. Boya zima. Ndipo akatoa jeti. Ilikuwa na namba 135, lakini alipochukua biti ya milimita 1.5, ikapita bila kusukumwa.

Kwa hiyo kabla haijafika kwetu mtu aliipanua, pengine akitaka gari iwe na nguvu. Hapo ndipo namba za mwalimu zikafaa: ukizidisha upana kwa wenyewe, 1.5 dhidi ya 1.35, tundu limekua karibu robo nzima. Robo nzima ya petroli ya ziada, na sisi tulikuwa tunamlaumu dereva. Wengine walisema anaiba mafuta, na nayaandika hapa ili wayasome.

Nyuma ya karakana kulikuwa na rundo la kabureta zilizokufa. Mzee alifungua nne au tano, akapata jeti mbili nzima za Solex, 135 na 130. Akaweka 130. Arua iko juu, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo petroli nayo ipunguzwe kidogo. Ile 135 akatufungia kwenye karatasi: mkienda mabondeni, rudisheni hii. Alituonya tusipunguze tena kwa tamaa ya kuokoa pesa, maana petroli ikiwa haba injini inachemka na kuunguza valvu.

Tulizunguka kama kilomita 10 hivi kuelekea Vurra, akatoa plagi. Asubuhi zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Sasa zilikuwa zimeanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Zikiwa nyeupe kabisa ujue petroli ni haba. Alitutoza bei ya jeti mbili tu, kazi akakataa kulipwa.

Kurudi Koboko tulitumia lita 6, wakati kwenda zilikuwa 9. Nusu ya hesabu hiyo huenda ni chujio, sibishi. Jeti mbovu iko darasani ndani ya kopo la chaki, na dereva ameomba aje nayo mkutano wa Jumamosi, kabla kura ya kuuza gari haijapigwa.