Samaki Mwenye Pete

Ukifika Glasgow, Uskoti, tazama nguzo za taa nje ya kanisa kuu. Kuna ndege, mti, kengele na samaki mwenye pete mdomoni. Hiyo ndiyo nembo ya jiji, rasmi tangu 1866. Nilidhani ni pambo tu. Kumbe ni kesi ya ndoa!

Hadithi inasema malkia alimpa askari pete aliyopewa na mumewe. Mfalme akaitupa mtoni Clyde, kisha akamwambia mkewe ailete au afe. Mtakatifu Mungo akaagiza samaki avuliwe, pete hiyo ikapatikana.

“Yaani mtakatifu kamfichia msaliti?” akauliza mume wangu, ambaye mwenyewe alishaacha kuvaa yake. Mie nikasema kaokoa roho ya mtu. Tulibishana mpaka hotelini. Asubuhi, kwenye chai, pete ilikuwa kidoleni. Sikuuliza.