Mwani Kwenye Tangi, Kimya Ndani ya Nyumba

Kuna wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu. Wengine ni hela, wengine ni mawifi. Sisi tuligombana kwa sababu ya mwani. Ndiyo, mwani wa baharini! Na tuligombania Kwai, huko juu milimani Lushoto, mahali ambapo bahari huioni hata ukipanda juu ya mti.

Nianze mwanzo. Mimi ni Msambaa, mzaliwa wa Kwai. Mume wangu ni mtu wa Tanga mjini, mtoto wa mvuvi. Mwaka 2021 mama yangu alipata kiharusi, nasi tukafungasha vitu vyetu Dar tukahamia kwake. Kazi yangu ya uhariri naweza kuifanya popote penye kompyuta na mtandao, kisha mara moja kwa mwezi nashuka Dar kufunga toleo. Mwenzangu aliacha kazi ya bandarini, akasema mengine tutajua hukohuko.

Mwaka uliofuata nikapata mimba. Ilipofika miezi mitano ikaharibika. Tulirudi nyumbani, mama akaagiza nipikiwe uji, majirani wakaja kutoa pole, na baada ya wiki mbili kila mtu akaendelea na shughuli zake. Mimi na mume wangu hatukuliongelea tena jambo lile. Yeye aliogopa kunitonesha. Mimi nilidhani ameshasahau. Wanaume si ndivyo walivyo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Miezi mitatu baadaye alikwenda Tanga kusalimia wazazi, akarudi na tangi la kioo la lita 200.

Bahari sebuleni

Nilicheka, halafu nikashangaa, halafu nikanyamaza. Lile tangi lilihitaji maji ya bahari, kwa hiyo baba mkwe akawa anatutumia madumu kwa basi. Yanatoka Tanga, yanapita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, kisha yanapanda kona za Soni mpaka Lushoto. Konda mmoja aliwahi kuniuliza kama ni dawa ya mganga. Nikamwambia ni maji ya samaki. Hakuniamini hata kidogo.

Nikiri kwamba lilipendeza. Kulikuwa na samaki wawili wenye mistari, jamaa zake yule wa ile filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Kulikuwa na konokono sita, kamba wadogo wawili, mawe ya baharini, na tumbawe laini moja ambalo mume wangu alilinunua Dar kwa mfugaji mwenye vibali. Matumbawe yanalindwa na sheria, huendi tu ufukweni ukajiokotea. Lile letu lilikuwa linafunguka asubuhi kama ua. Mama, ambaye wakati huo alikuwa anaongea kwa shida, alikuwa anaomba kiti chake kisogezwe mbele ya kioo.

Tuligawana kazi. Yeye alilisha. Mimi nilijazia maji. Maji ya tangi hupungua kwa mvuke kila siku, lakini chumvi haiondoki na mvuke, inabaki. Kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi ili kiwango kisipande, maana maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Mimi nilichota kwenye kijito kilicho chini ya shamba letu. Maji yake ni meupe na ya baridi, tumeyanywa tangu utoto.

Baada ya miezi miwili mawe yakaota ndevu za kijani. Kwanza kidogo, kama manyoya ya kifaranga. Halafu zikarefuka zikawa zinapepea. Kioo kikashika utando. Tumbawe likazungukwa. Mume wangu akawa anaamka usiku na tochi kuchambua mwani kwa mswaki. Asubuhi unakuta umerudi.

Na mimi, msomaji wangu, nikaanza kulichukia lile tangi. Kila nikiamka naliona lile jani. Kila nikimwongelesha mume wangu, macho yako kwenye kioo. Anawalisha samaki asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Siku moja mwisho wa mwezi, hela imeisha, nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najisikia vibaya: "Hili tangi lako linakula kuliko mtoto."

Hakunijibu. Alitoka nje akakaa kibarazani mpaka giza likaingia. Kesho yake akaaga kwamba anakwenda Tanga siku nne.

Dawa ya haraka

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Alipoondoka, nikaamua kumaliza kazi. Kwa mama kulikuwa na mrututu, ule unga wa bluu ambao wakulima huchanganya na chokaa wakapulizia nyanya dhidi ya ukungu. Nilijua unaua vitu vya kijani. Nikachukua kidogo, ncha ya kisu tu, nikakoroga kwenye kikombe, nikamimina ndani ya tangi. Kwa hasira, nisijifanye. Nilitaka arudi akute pamekuwa safi, halafu nimwambie: umeona? Kazi ya miezi mimi nimeifanya kwa siku moja.

Siku ya pili konokono wote sita walikuwa wameanguka chini. Kamba wakalala ubavu. Tumbawe likajikunja kama ngumi na halikufunguka tena. Mrututu ni shaba, na shaba ni sumu kali kwa viumbe wa baharini wasio na mifupa. Samaki wanaweza kuvumilia kiasi fulani, konokono na kamba hawawezi. Kumbe nilikuwa nimewaua wale wale waliokuwa wanakula mwani. Mizoga yao ikaozea ndani, ikawa mbolea. Mwani ulinyauka siku tatu, kisha ukaanza kuchipua upya.

Mama aliona kila kitu kutoka kwenye kiti chake. Alisema neno moja tu, polepole, kwa Kiswahili chake cha baada ya kiharusi: "Mwambie."

Kibarazani

Nilimwambia jioni ile ile aliporudi, kabla hajavua viatu. Nilitegemea atapiga kelele. Alikwenda kwenye tangi, akaingiza mkono, akawatoa konokono mmoja mmoja akawapanga kwenye sahani. Halafu akakaa chini akalia. Sijawahi kumwona analia, hata siku ile tuliyopoteza mtoto.

"Nilitaka kuwe na kitu humu ndani kinachonisubiri niamke," alisema. "Kitu cha kulisha."

Mwenzangu alikuwa hajasahau. Alikuwa anahesabu. Alijua mtoto wetu angekuwa na miezi mingapi siku ile. Mimi pia nilijua. Tulitaja namba ile ile kwa pamoja. Usiku huo tulikaa kibarazani na baridi ya Kwai ya mwezi wa saba, blanketi moja, tukaongea mpaka majogoo. Sitaandika yote tuliyosema. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa nimeishi mwaka mzima na mtu anayeomboleza, nami nikamwita mtu anayechezea samaki.

Nani alikuwa anaulisha?

Wiki iliyofuata tulimpigia simu baba mkwe. Yule mzee amevua Tanga miaka mingi. Akatuambia, "Wanangu, baharini mwani haukosekani. Ila una walaji." Akatueleza kwamba pale wavuvi wanapowamaliza tasi na pono, samaki wanaokula majani, miamba hugeuka kijani. Akakumbusha na mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi. Matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa, na mahali pengi mwani ukayakalia. Akamaliza kwa swali: "Huko kwenu unakula nini?"

Swali zuri. Mume wangu akaagiza vipimo vya maji kutoka Dar. Tukapanga vikombe viwili mezani, kimoja cha maji ya tangi, kingine cha maji ya kijito. Vitu viwili ndivyo chakula kikuu cha mwani: naitreti na fosfeti. Maji ya tangi yakabadilika rangi vibaya sana, hilo tulilitegemea. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki wanaolishwa mara nne kwa siku huozea humo humo. Lakini kikombe cha pili nacho kikabadilika rangi!

Tukatazamana. Kijito kile kinapita chini ya kabichi, karoti na viazi. Sisi watu wa Lushoto tunalima mboga kwenye miteremko, tunaweka samadi, DAP na urea, tunamwagilia, na mvua ikinyesha sehemu ya mbolea inateremka mpaka bondeni. Maji yanaonekana meupe, lakini mbolea iliyoyeyuka haionekani kwa macho. Na kwa kuwa kwenye tangi maji ndiyo yanayopaa na vilivyoyeyuka vinabaki, kila ndoo niliyojazia iliongeza mbolea juu ya mbolea. Mbolea yenyewe ilitoka shambani kwetu, na mchotaji nilikuwa mimi.

Kwa hiyo yeye aliulisha mwani kwa mkono wake, mimi nikaulisha kwa ndoo yangu, kisha tukakaa tunalaumiana. Kusugua peke yake kusingetusaidia, wala sumu. Ilibidi kila mmoja aache alichokuwa anamimina.

Tulivyofanya

Kwa wasomaji wenye matangi ya maji chumvi, na najua mpo, maana siku hizi sebule nyingi za Masaki na Nyali wanayo, hizi ndizo hatua zilizotusaidia:

1. *Ng'oa kwa mkono kwanza.* Toa mawe, yasugue kwa mswaki kwenye ndoo ya maji ya bahari, siyo ndani ya tangi. Mwani unaotoka nje unaondoka na mbolea iliyomo ndani yake.

2. *Punguza chakula.* Mara moja kwa siku, kiasi ambacho samaki wanakimaliza ndani ya dakika moja au mbili. Hawatakufa njaa.

3. *Jazia maji safi kweli.* Tulinunua mashine ndogo inayosukuma maji kupita kwenye kichujio chembamba sana na kuacha naitreti na fosfeti nyuma. Maji ya mvua yanavutia, lakini yakipita kwenye bati hubeba zinki, nayo ni hatari kwa konokono na matumbawe.

4. *Badilisha maji.* Asilimia 20 kila wiki, kwetu madumu mawili ya lita 20. Konda sasa ametuzoea.

5. *Punguza mwanga.* Tangi letu lilikuwa dirishani. Tulilihamisha, na taa tukaiwasha saa nane tu kwa siku badala ya kumi na mbili.

6. *Rudisha walaji, lakini mwishoni.* Mawe hunyonya shaba na kuiachia polepole. Ilibidi tutupe yale mawe yote, tuweke mkaa maalumu wa kuchujia, na tupime shaba mara kwa mara kabla ya kuthubutu kuleta konokono wengine.

7. *Usimimine dawa ukiwa na hasira.* Hii sina haja ya kuieleza.

Kwetu ilichukua miezi mitano. Mwezi wa kwanza hatukuona tofauti yoyote, na nilitamani kukata tamaa. Mwezi wa tatu ndevu zikawa fupi na nyepesi. Mwezi wa tano konokono wanne wapya walikuwa wanatambaa kwenye kioo, na mama anawahesabu kwa sauti. Mazoezi mazuri ya kuongea kuliko tuliyokuwa tunamlazimisha.

Mwani haukuisha wote. Nyuma ya jiwe kubwa bado kuna kimanyoya cha kijani, na mume wangu anasema tukiache, konokono nao wapate cha kula.

Tumbawe hatujanunua jingine. Tutanunua, siku tukiwa tayari. Kuhusu mtoto pia tunasema hivyo hivyo, ila sasa tunalisema wote wawili, kwa sauti. Kila Jumapili jioni tunabadilisha maji: yeye anashika mpira, mimi nashika ndoo, na hiyo nusu saa simu zinakaa chumbani. Tunaulizana wiki imekuwaje. Wakati mwingine ni habari za kabichi na mikopo. Wakati mwingine ni habari za yule ambaye hakuzaliwa. Mama, kutoka kwenye kiti chake, anatukumbusha maji yasimwagike kwenye mkeka.